Kazi Hii, Mwenyewe Nani?

   

Msikilizaji wangu wa Turkana, leo nataka tuzungumzie kazi za umma za wakati wa shida. Unazijua. Ukame umepiga, mbuzi wamekwisha, au ajira mjini zimepotea. Serikali au shirika linakuja na kusema: njooni mchimbe bwawa, mpande miti, mtengeneze barabara, na mwisho wa mwezi mtapata mahindi, maharagwe na mafuta. Au pesa kwenye simu. Wengi wanaonisikiliza wamewahi kushika jembe la namna hiyo, na kama si wewe basi ni mama yako. Swali langu ni hili: miaka arobaini baadaye, kazi ile iko wapi? Kwa nini bwawa moja bado linanywesha ng'ombe na jingine limejaa mchanga hata huwezi kujua kwamba liliwahi kuchimbwa?

Twende mbali kidogo kwanza, halafu turudi nyumbani.

Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka. Mabenki yakafungwa, viwanda vikafungwa, na kufikia 1933 karibu mtu mmoja katika kila wafanyakazi wanne hakuwa na kazi. Mwaka huo wa 1933 Franklin Roosevelt aliapishwa kuwa rais. Na kwa taarifa yako, mwaka huo huo ndio historia ya mji wetu inaoutaja kuwa mwanzo wa Lodwar, pale mfanyabiashara aitwaye Shah Mohamed alipofika na kuweka biashara yake kando ya mto Turkwel. Huko New York watu wanapanga foleni ya mkate, huku kwetu mji ndio kwanza unazaliwa.

Roosevelt na watu wake walifikia uamuzi ambao leo tunauona wa kawaida, lakini wakati ule ulizua ugomvi mkubwa. Walisema mtu mwenye nguvu asipewe sadaka, apewe kazi alipwe mshahara. Wakaanzisha jeshi la vijana wa kuhifadhi mazingira, lililojulikana kwa herufi CCC. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na katika hizo kama 25 zilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wake. Vijana hao walipanda miti inayokadiriwa kufika bilioni 3. Kisha mwaka 1935 likaja shirika kubwa zaidi, WPA, ambalo hadi linafungwa mwaka 1943 lilikuwa limewaajiri watu wapatao milioni 8 na nusu. Barabara, madaraja, shule, hospitali, viwanja vya michezo, mabomba ya maji taka. Uwanja wa ndege wa LaGuardia pale New York, unaotumika hadi leo, ulijengwa na watu waliookotwa kwenye foleni za chakula.

Nisiwapambie mambo, lakini. CCC ilichukua vijana wa kiume peke yao, na vijana weusi wengi waliwekwa katika kambi zao mbali na za wazungu. Magazeti nayo yaliwakejeli wafanyakazi wa WPA: walichorwa katuni wameegemea koleo, wanaota jua, huku serikali inawalipa. Umeshawahi kusikia maneno kama hayo hapa kwetu? Bila shaka. Mtu akila cha kazi ya umma, jirani yake huanza kuhesabu ni mara ngapi ameinua jembe.

Hata hivyo kazi zile zimebaki. Katika miji mingi ya Marekani ukitembea kando ya barabara utakuta herufi WPA na mwaka vimegandishwa kwenye saruji chini ya miguu yako. Miaka zaidi ya themanini imepita na watu bado wanapita juu yake kwenda kazini.

Zimebaki kwa sababu gani? Utaniambia saruji yao ni nzuri. Utaniambia wana pesa. Yote mawili yana ukweli. Lakini kuna jambo la tatu, na hili nataka ulishike vizuri, kwa sababu nitalirudia. WPA haikuruhusiwa kuamka asubuhi na kwenda kujenga popote inapotaka. Karibu kila mradi ulitakiwa kuwa na mwenyewe: halmashauri ya mji, kaunti, bodi ya shule, serikali ya jimbo. Mwenyewe huyo ndiye aliyeomba mradi, ndiye aliyeleta vifaa au sehemu ya gharama, na mradi ukiisha ndiye aliyeupokea na kuutunza. Mwaka 1939 sheria ikakaza zaidi, ikataka upande wa wenyeji uchangie robo ya gharama. Serikali kuu ilileta mishahara. Mwenyewe alikuwepo kabla ya koleo la kwanza kugusa ardhi.

Shika hilo. Sasa turudi nyumbani.

Wazee mnaikumbuka njaa ya Lopiar. Ilikuwa kati ya mwaka 1979 na 1981. Mvua ilikatika, maradhi ya mapafu yakafagia mbuzi, wezi wenye bunduki wakabeba kilichobaki, na kipindupindu kikaja juu yake. Familia zilizokuwa na zizi lililojaa zilishuka kwa miguu hadi kwenye misheni na kwenye barabara kutafuta uji. Vituo vya chakula vikafunguliwa, na watu wakakaa humo kwa maelfu mengi. Ndipo ukaanzishwa mradi wa kuijenga upya Turkana, uliojulikana kwa herufi TRP, kwa msaada wa Jumuiya ya Ulaya, Uholanzi na Shirika la Chakula Duniani.

Mwanzoni chakula kilitolewa bure. Halafu likaja lile lile wazo la Roosevelt, ijapokuwa hakuna aliyelitaja jina lake hapa: mwenye nguvu asile bure. Chakula kwa kazi. Na mwenye nguvu aliyejitokeza kwa wingi alikuwa mama. Wanaume wengine walikuwa wamekwenda mbali na mifugo michache iliyobaki, wengine waliona haya. Akina mama walichimba mashimo ya miti, wakajenga matuta ya kuzuia maji ya mvua ili mtama uote, wakasafisha njia za magari, wakabeba mawe kichwani kutoka kwenye laga, ule mto wa msimu. Mtoto mgongoni, jembe mkononi. Kama kuna jeshi lililoijenga Turkana ya miaka ya 1980, lilikuwa la wanawake, na hakuna saruji yoyote iliyoandikwa majina yao. Ukitazama vibao vya chuma vilivyotundikwa kwenye miradi, utasoma jina la mfadhili, jina la wizara, bendera mbili tatu. Waliochimba hawamo.

Kazi zile ziliokoa maisha. Hilo nalisema wazi, asije mtu akasema nimekuja kuponda msaada. Mtoto aliyekula mahindi yale mwaka 1981 leo ni mtu mzima, pengine ndiye anayenisikiliza sasa hivi. Urithi wa kwanza wa kazi ya umma ni watu waliobaki hai, na urithi huo haupimwi kwa saruji.

Lakini yale matuta? Mengi yaliliwa na mafuriko ndani ya misimu michache. Mvua ya Turkana unaijua, haiji kwa adabu. Tuta likikatika mahali pamoja, maji yote hupita hapo, na msimu unaofuata hakuna tuta. Kulirudishia ni kazi ya siku chache kwa watu wachache. Lakini nani alirudishie? Chakula kimeisha, msimamizi amehamishwa, na yule mama alichimba ili apate kilo zake. Zile kilo ndizo zilikuwa zake, shamba halikuwa lake. Hata mipaka ya shamba ilipimwa na mtu wa mradi. Kazi hii, mwenyewe nani? Hakuna aliyejua.

Na tazama ulinganisho huu. Wanawake wa Kiturkana walikuwa wanalima mtama tangu zamani, kabla ya mradi wowote. Mtu alijua mahali ambapo mto hutanda ukifurika na kuacha unyevu, na sehemu yake ilijulikana kuwa yake, kisha ya binti yake. Hakuna aliyempa resheni ili apalilie. Upande wa Lokitaung, kule mlimani ambako wakoloni walimfunga Kenyatta na wenzake, shirika la Oxfam lilianza katikati ya miaka ya 1980 kufanya kazi ya kuvuna maji ya mvua kwa njia tofauti kidogo. Walianzia kwenye bustani za namna hiyo ambazo tayari zina wenyewe, wakaketi na wazee, wakajaribu punda na ng'ombe wa kukokota udongo badala ya kungoja tingatinga kutoka mbali. Kazi ilikwenda polepole. Haikupendeza kwenye ripoti kama hekta mia za mara moja. Mimi nasema ile ilikuwa njia ya akili zaidi, kwa sababu mwenyewe alitangulia na jembe likafuata.

Nitapita haraka kwenye mambo mawili makubwa, kwa kuwa kila mtu anayajua. Kiwanda cha samaki cha Kalokol kilijengwa na Wanorwe mwanzoni mwa miaka ya 1980, chenye mitambo ya kugandisha samaki mahali ambapo umeme wa kuendesha mitambo hiyo ulikuwa ghali kuliko samaki wenyewe. Muda si mrefu ziwa likarudi nyuma, ghuba ya Ferguson ikakauka, na jengo likabaki limesimama. Sina la kuongeza. Barabara ya lami kutoka Kitale, iliyojengwa kwa msaada wa Wanorwe hao hao, ni habari nyingine: hiyo ilibadili maisha. Mgonjwa alifika hospitali, mbuzi walifika soko la juu, na watu wa Kakuma walipata unga. Lakini mwaka 1990 Kenya ilivunja uhusiano na Norwe, wafadhili wakafunga virago, na lami ikaachwa peke yake. Mnakumbuka wenyewe ilivyofika miaka ya 2000. Madereva waliikimbia, wakapita mchangani kando yake. Barabara ipo, na magari yanapita porini! Ilingoja mpaka mkopo wa Benki ya Dunia katika miaka ya 2010 ndipo ikaanza kujengwa upya kutoka Lokichar kuelekea Nadapal. Kati ya hapo na hapo, nani alikuwa mwenyewe wa barabara ile? Kila mtu aliitumia. Wa kuziba shimo likiwa dogo hakuonekana.

Sasa nije kwenye urithi ambao hakuna aliyeulilia kwamba umepotea, kwa sababu hautaki kupotea. Naongea juu ya mti wa etirae. Huko Baringo wanauita mathenge.

Kule Marekani, vijana wa CCC na wataalamu wa kuhifadhi udongo walipanda mmea mmoja uliotoka Asia, unaitwa kudzu. Ardhi ilikuwa inamomonyoka, na mmea huu unatambaa haraka na kushika udongo. Serikali iliwalipa wakulima ili waupande. Ukatambaa kweli. Ukapanda juu ya miti ukaiua, ukafunika nguzo za umeme, ukafunika na nyumba zilizohamwa. Mwaka 1953 serikali iliuondoa kwenye orodha ya mimea inayopendekezwa, na mwaka 1970 ikautangaza kuwa gugu. Kazi ya umma ya kupambana na janga moja ikazaa janga la pili.

Huku kwetu etirae ulikuja kwa nia njema hiyo hiyo. Miaka ya 1970 na 1980 dunia nzima ilikuwa inazungumza juu ya jangwa linalosonga mbele. Mti huu kutoka Amerika haukauki, hauhitaji kunyweshwa ukishashika, hutoa kuni, kivuli na maganda ya kulisha mbuzi. Miche ikagawiwa, mashimo yakachimbwa, mengine kwa chakula cha kazi, na mti ukapandwa Turkana, Baringo, Tana River na kwingineko. Leo tembea kando ya Turkwel uone. Umeziba njia za mifugo, umekunywa maji ya laga, umeikaba miti ya asili ambayo ngamia na mbuzi walitegemea. Miiba yake hutoboa ndala na hutoboa gurudumu la bodaboda. Sukari ya maganda huozesha meno ya mbuzi mpaka ashindwe kula. Watu wa Baringo walifika mahakamani mwaka 2006, na mbuzi asiye na meno akawa sehemu ya ushahidi wao.

Hata hivyo nitakuwa mwongo nikisema etirae ni ubaya mtupu. Chai uliyokunywa leo Lodwar imechemka kwa makaa ya nini? Ua wa nyumba nyingi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma umejengwa kwa matawi ya nini? Akina mama wangapi wamelipa karo kwa magunia ya makaa yanayopangwa kando ya barabara? Mti huu umekuwa riziki ya maskini na adui wa mfugaji kwa wakati mmoja. Hakuna aliyepanga hivyo. Lakini tazama tena lile swali letu. Mfugaji ndiye anayejua nyanda, anajua mti upi hula mwenzake. Je, kuna aliyemuuliza kabla ya miche kushushwa kutoka kwenye lori? Kama angekuwa mwenyewe wa mradi tangu siku ya kwanza, angalau mti ungepandwa penye uzio na ungetazamwa kwa jicho la wasiwasi.

Msikilizaji, haya si mambo ya zamani. Mwaka 2009 tulikuwa na mpango wa serikali wa Kazi Kwa Vijana. Mwaka 2020, wakati wa korona, ikaja Kazi Mtaani. Vijana walifagia mitaro, walilipwa kwa simu, na wengi wanazikumbuka pesa vizuri kuliko mitaro. Na tangu mwaka 2016 tuna makazi ya Kalobeyei, pale ambapo mkimbizi na mwenyeji waliambiwa wataishi, watasoma na kulima pamoja. Mabwawa yamechimbwa pale, bustani za mboga zimelimwa, vijishimo vya kukinga maji vimechimbwa kimoja kimoja kwa mkono. Msomali, Mkongo, Msudani Kusini na Mturkana wameinama kwenye shimo moja. Mimi nimeipenda picha hiyo, sitaificha.

Lakini mwaka 2025 mgao wa chakula Kakuma na Kalobeyei ulikatwa vibaya kwa sababu fedha za wafadhili zimepungua. Kukawa na hasira na maandamano. Sasa jiulize, yale mabwawa na bustani ambazo watu walizichimba wakitegemea mgao, nani atazitunza mgao ukiwa nusu, au chini ya nusu? Mkimbizi hana hati ya ardhi ile. Mwenyeji anasema ni mradi wa shirika. Shirika linasema litaikabidhi jamii. Jamii ni nani? Kamati ya watu saba iliyochaguliwa siku ya semina, ambayo mwenyekiti wake alishahamia Eldoret?

Ninarudia, kwa sababu nilisema nitarudia. Kazi ya umma inaishi pale inapokuwa na mwenyewe kabla haijaanza. Mshahara unaweza kutoka mbali, hata Brussels au Washington. Mwenyewe lazima awe wa hapa.

Na sisi sasa tuna mwenyewe anayewezekana, ambaye mama zetu wa mwaka 1981 hawakuwa naye. Wakati ule kila uamuzi ulitoka Nairobi, au kwa mfadhili kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Tangu mwaka 2013 tuna serikali ya kaunti hapa hapa Lodwar, ina bajeti, ina idara ya maji, ya kilimo, ya barabara za vijijini. Inaweza kukaa kwenye kiti kile cha halmashauri za Marekani za miaka ya 1930: kuuomba mradi, kuuchangia, kuupokea na kuutunza. Je, inakaa? Wakati mwingine. Wakati mwingine nayo inapenda kukata utepe kuliko kuzibua bwawa. Bwawa jipya lina sherehe, mgeni rasmi na picha. Ukiondoa tope kwenye bwawa la zamani, hakuna anayekuja kukupiga picha.

Kwa hiyo nina ombi, nalo ni dogo. Mikutano ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti hufanyika kila mwaka, na sheria inakupa haki ya kusimama na kusema. Usiende kwa ajili ya soda peke yake. Nenda na jina la bwawa moja, tuta moja, kisima kimoja kilichochimbwa na watu wa kijiji chako. Simama uulize: katika kitabu hiki cha bajeti, pesa za kuitunza kazi hii ziko ukurasa gani? Na afisa wa shirika akija kijijini kuandikisha majina ya watakaochimba, mkaribishe, mpe kiti, mpe maji. Halafu, kabla hujaandika jina lako, muulize kwa heshima: kazi hii, mwenyewe nani? Asipokuwa na jibu, mwambie akalitafute na arudi wiki ijayo.